Nyumba Iliyonyimwa Kuta

Mlionifuata kwenye masimulizi haya tangu juma lile mvua ilipoubeba ukuta wa jikoni kwangu Kanja, mnajua nilivyofika hapa Githongo. Ukuta ulianguka Jumanne. Chumba cha kulala kikaufuata Alhamisi. Jumapili binti yangu Susan akaja na pikapu ya kukodi, akapakia kitanda changu, Biblia, kuku wawili na magunia mawili ya maharagwe niliyookoa kwenye matope. Akaniambia nisilie, yeye na mume wake wamenunua nyumba na nafasi yangu ipo.

Kuku mmoja alifia njiani. Hayo yote nimeshayasema.

Ambalo sijalisema ni kosa langu mwenyewe. Mpaka sasa nimewaelezea mvua na matope, kana kwamba mimi Ciakuthii ni mtu wa kufanyiwa tu. Leo nasema nilichofanya mimi, ingawa nyundo ilishikwa na mtu mwingine.

Kwanza muijue nyumba. Ni ghala la zamani la kahawa, la mawe ya kuchonga, na mwaka umeandikwa juu ya mlango: 1954. Chini walikuwa wanapima magunia. Juu, walipokaa wanawake wa kuchambua kahawa, ndipo binti yangu anapoishi. Paa lina madirisha ya vioo, sita kila upande, marefu kama mlango wa kanisa. Wageni husema ni urembo. Mimi nilichambua kahawa Kanja miaka kumi na minane, najua kazi yake. Punje mbovu haionekani gizani, na jua kali nalo linadanganya macho. Unataka mwanga mweupe, uliotulia, unaotoka juu.

Mkwe wangu Kiogora kazi yake ni kupanga nyumba za watu kwa ndani: rangi gani, kiti kikae wapi, taa ining'inie vipi. Alisomea Nairobi. Hii aliipanga mwenyewe. Kuta za mawe alizipaka chokaa. Vyuma vya paa akavipaka rangi nyeusi. Sakafu ya mbao aliipiga msasa mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa, na chembe moja ya ugali ikianguka utaiona kutoka mlangoni. Taa zimening'inia kwa waya kama vibuyu. Jiko limesimama katikati ya nyumba, peke yake, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

Siku ya kwanza nilisimama pale nikitafuta vyumba. Nikageuka huku, nikageuka huku. Susan akacheka, akasema, mama, ni hivi tu, yote ndiyo unaiona. Upangaji wa namna hiyo una jina la Kizungu. Sikulishika, ila maana yake ni nyumba iliyonyimwa kuta.

Choo peke yake kilikuwa na mlango. Na mlango wenyewe ulikuwa wa kioo.

Kitanda chao kiko juu ya jukwaa la mbao, unapanda kwa ngazi, na ukingo wake ni vyuma vyembamba kama vya kuchomea mahindi. Changu kiliwekwa chini, upande wa pili, karibu na dirisha. Nikilala chali naona nyayo za mkwe wangu.

Nyinyi wa miji mikubwa mtauliza, nyayo zina nini. Kwetu Embu, na huku Meru kwa kina Kiogora vilevile, mkwe haoni kitanda cha mama mkwe, na mama mkwe haoni chake. Hata kuongea wanaongea kupitia mtu. Tunaiita nthoni. Ni aibu, lakini aibu njema, ile ya kumfanya mtu ainamishe macho. Zamani hata kulala kwao ningekataa kabisa, ningepewa kijumba changu pembeni. Lakini nyumba yangu imeanguka. Nikapunguza masharti yangu moja baada ya lingine mpaka yakabaki mawili. Ukuta na mlango.

Ni hayo tu nilikuwa nataka. Sikutaka taa ya kibuyu.

Juma la kwanza nilifunga shuka kwenye kamba. Jioni Kiogora akaingia, akaliona, akainamisha macho na kumwambia mke wake, na mimi niko hatua tatu kutoka hapo:

"Susan, mwambie mama hilo shuka linakata mwanga."

Nami nikasema, "Susan, mwambie mume wako mwanga hauna aibu. Mimi ninayo."

Susan akasimama katikati na sufuria ya chai. Hakujua amwambie nani nini, kwa sababu kila mtu alikuwa amesikia.

Asubuhi shuka lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti changu.

Nikavumilia. Kuvumilia nakujua. Nikawa naamka kabla yao, nashuka chini, nakaa juu ya gunia penye mizani ya zamani mpaka nisikie pikipiki ya Kiogora inaondoka. Naoga saa sita mchana. Chakula cha jioni nakula nikiutazama ukuta wa nje, maana kuta zenyewe ndizo hizo nne. Kulala nalala nimefunika kichwa.

Naye, haki yake nimpe, alikuwa anaumia. Alianza kulala na soksi. Akitaka kugeuka kitandani anakohoa kwanza, ili nijue anageuka. Alikohoa mpaka Susan akamletea dawa ya kifua.

Ikafika juma la tano nikamweka Susan chini. Nikamwambia, mwanangu, sitaki chumba kikubwa. Nataka mbao chache na bawaba mbili. Mume wako ni mtu wa kupanga nyumba, hiyo kwake ni kazi ya nusu siku.

Susan akaokota chembe ya ugali sakafuni.

"Mama, si kwamba hataki. Haiwezekani tu."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema haiwezekani. Nikamuuliza, nyumba si ni yenu? Akainuka kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha.

Hapo ndipo nilikasirika. Ukizungumza na mtu akupe sababu, hata ikiwa mbaya, unaibeba. Lakini kupewa neno moja kama mtoto, na mimi ndiye nilimfundisha kuongea, hilo sikulisamehe. Nikajiambia, wameamua urembo wao ni mkubwa kuliko mimi.

Jumatano ya juma la saba walisema wanaenda Nairobi kuchukua mapazia na meza, watarudi Ijumaa. Nilitakiwa niende nao hadi Embu nikamwone dada yangu. Nikasema goti linauma.

Goti halikuwa linauma. Uongo huo ndio kosa langu la kwanza, liandikeni.

Pikapu waliyokodi ilipokata kona, nilimpigia simu Njura. Huyu ni fundi wa mbao, mtu wa Ishiara, alinitengenezea mlango wa zizi Kanja na haujalegea hadi leo, ingawa zizi lenyewe halipo. Alifika saa nane na mfuko wa vyombo vyake. Akapanda ngazi, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Cucu," akasema, ndivyo kwetu wanavyomwita bibi, "hii nyumba haijaisha."

Nikamwambia imeisha, hiyo ndiyo shida.

Mbao zilikuwa pale chini, zimeegemezwa ukutani: meza za zamani za kuchambulia kahawa, za mti wa muringa, zimelainika kwa mikono ya wanawake mpaka zinang'aa. Kiogora alikuwa anaziweka kwa kazi fulani. Nilijua anaziweka. Hilo liandikeni la pili.

Njura alitaka kuupandisha ukuta hadi kwenye paa. Nikamkatalia. Nikamwambia asimame, anyooshe mkono juu, na ukuta uishie kwenye ncha ya vidole vyake. Hapo mtu mzima haoni ndani, lakini mwanga wa madirisha unapita juu na kumwagika pande zote mbili. Kule Kanja msimamizi wetu alitengewa chumba hivyo, na hatukupoteza mwanga hata wa punje moja. Mbao akazisimamisha wima, zimebanana. Mlango akauweka pembeni, wa upana wa mtu na ndoo, na komeo la mbao kwa ndani.

Kulikuwa na doa moja la wino kwenye ubao, alama ya mtu aliyekuwa anahesabu madebe. Nikamwambia Njura aligeuze lije upande wangu.

Ijumaa saa nne akamaliza. Nilimpa gunia moja la maharagwe. Akasema anawahi soko la Ishiara, akaenda.

Nikaingia. Nikafunga mlango. Nikasukuma komeo.

Nilikaa kitandani mchana kweupe, na kilemba sina, na viatu sina. Mwanga ulikuwa unateremka juu ya blanketi langu. Hakuna aliyeniona. Majuma saba, jamani.

Walirudi saa kumi. Nilisikia Susan anacheka kwenye ngazi, halafu nikasikia hacheki tena.

Nilitoka. Kiogora alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jukwaa na pazia limekunjwa mapajani, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliutazama ukuta, akamwuliza mke wake kama mama ameshaambiwa.

Susan akasema bado.

"Basi mwambie leo."

Ndipo binti yangu alipoanza kulia na kuniambia. Nyumba si yao. Haijawahi kuwa yao. Jengo lote ni la Bi Zuleka, mfanyabiashara wa vitambaa wa Meru mjini. Lina nyumba sita, na hii ya juu ndiyo ya maonyesho. Wao wamewekwa humo waitunze, ipendeze, wanunuzi waje waione. Wanakaa bure mpaka ipate mwenyewe. Masharti ni kwamba hakuna kubadilisha kitu. Hata msumari wa kutundika kalenda.

Na kesho, Jumamosi, Bi Zuleka alikuwa analeta mnunuzi.

Nilimwuliza kwa nini aliniambia wamenunua. Akasema ningekataa kuja. Ni kweli ningekataa. Ningekaa Kanja chini ya turubai.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Kabla sijaja, familia tano zilikuwa zimeshakuja kuitazama. Zote zilisifu mwanga, zikanywa chai, zikaenda, hazikurudi. Bi Zuleka alikuwa ameanza kusema labda aliyeipanga ndiye mwenye kasoro. Kesho ilikuwa ya mwisho. Mnunuzi wa sita akikataa, Kiogora anatoka, na kazi ya zile nyumba tano za chini, ambayo ndiyo aliyokuwa anaingojea mwaka mzima, inapewa mtu mwingine.

Mimi nimekaa majuma saba nikiwahesabia urembo. Kumbe walikuwa wananificha hofu.

Nikasema, "Susan, mwambie mkwe aubomoe. Sasa hivi."

Kiogora akachukua nyundo na mtaimbo. Njura si fundi wa mchezo, misumari ilikuwa ya inchi nne. Ubao wa kwanza ulilia, ukalia, ukaachia. Ukabaki mwanya wa upana wa kiganja. Kiogora akainama ashike wa pili.

Kupitia ule mwanya akaona kitanda changu. Na juu ya kitanda, gauni langu la kulalia, nililolitandaza kwa raha zangu.

Nyundo ilianguka. Aligeuka na kuutazama ukuta wa nje, shingo imekuwa nyeusi kwa aibu, akamwambia Susan kwamba yeye hawezi. Alilala na soksi majuma saba ili asikiuke jambo hili. Hataanza leo kwa mtaimbo.

Nilitoa gauni. Nikakunja matandiko. Akasema bado ni kitanda cha mama, kitandikwe kisitandikwe. Nikamwambia Susan abomoe yeye. Susan alipiga nyundo mara tatu, ya tatu akajipiga kidole. Mimi mwenyewe nikajaribu, mkono wangu hauna nguvu hiyo tena. Tukampigia Njura. Simu imezimwa. Mtu akiwa soko la Ishiara anauza maharagwe yako, usimtafute.

Tulikunywa chai kila mtu akitazama upande wake. Niliurudisha ule ubao, Kiogora akaugongea huku amefumba macho. Nilimwelekeza Susan, Susan akamwelekeza yeye: kushoto kidogo, hapo, piga.

Asubuhi saa nne Bi Zuleka akapanda ngazi. Ni mwanamke mnene, anayevaa vizuri, anayeongea polepole. Nyuma yake alikuwa Idrisi, mwenye bucha Meru mjini, na nyuma ya Idrisi mama yake, Bi Rahema, mtu wa rika langu, na buibui na bakora.

Bi Zuleka aliuona ukuta kabla hajamaliza kuvua viatu.

"Kiogora. Hiki ni nini?"

Kiogora akafungua mdomo. Nikatangulia. Nikasema mimi ndiye niliyejenga, wenyewe walikuwa safari, nikawadanganya goti linauma, mbao nikazitumia bila ruhusa. Niliyasema yote kama mtu anayemwaga gunia. Nikasema wao hawana kosa, na fundi akipatikana ukuta utaondoka leo hii.

Bi Zuleka akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole kwa nyumba yako ya Kanja, mama. Halafu akamgeukia Kiogora na kuanza kumwambia, kwa sauti ileile ya pole, kwamba atahitaji funguo.

Tulikuwa tumemsahau Bi Rahema.

Yeye hakutazama madirisha. Hakutazama taa. Alikwenda moja kwa moja na bakora yake, akausukuma mlango wangu, akaingia, akaufunga. Tukasikia komeo.

Halafu kitanda changu kikalia kidogo, mtu akikaa.

"Idrisi." Sauti ilipita juu ya ukuta pamoja na mwanga. "Unaniona?"

"Sikuoni, mama."

"Na hapo ulipo kuna giza?"

"Hakuna, mama. Ni peupe."

"Basi mwambie Bi Zuleka tumepata nyumba."

Idrisi akatueleza, akicheka. Walikuwa wameonyeshwa nyumba nne za namna hii, Meru na hata Nanyuki. Zote wazi. Mama yake akauliza kila mahali: wageni wa kiume wakija, mimi nivue buibui wapi, niswali wapi, mkeo apite wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Akasema hata zile familia tano za kwanza anazifahamu tatu, wanaswali msikiti mmoja, na sababu ni hiyohiyo. Waliona haya kusema.

Bi Zuleka alisimama na kiatu kimoja mkononi. Akauliza ukuta umechukua siku ngapi. Nikamwambia mbili. Akasema anautaka vilevile katika zile nyumba tano, na Kiogora azipange, mama akae karibu amwelekeze.

Nilimtazama Susan. Alikuwa anatabasamu na kidole chake kilichofungwa kitambaa. Nilijisikia mwepesi. Nikafikiri, Ciakuthii, umekosa mara mbili na Mungu amefumba jicho.

Ndipo Idrisi akasema hana muda wa kupoteza, nyumba anayokodi ameshaiaga. Anaichukua hii kama ilivyo, ukuta na yote. Lori linakuja Jumatatu.

Bi Zuleka akasema Jumatatu ni sawa. Makubaliano ni makubaliano, waliomo wanatoka siku mwenye nyumba anaingia. Zile za chini bado hazina maji wala vioo, lakini hilo ni la kuzungumza baadaye. Wakashikana mikono.

Tabasamu la Susan lilitoka polepole, kama maji yanayonywewa na udongo.

Kiogora alikuwa amesimama kando ya jiko lake. Aliangalia madirisha, akaangalia jukwaa, akauangalia ukuta wa muringa. Kisha akageuka. Hakumgeukia mke wake. Aliinua macho na kunitazama mimi, usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aje kwangu kuposa.

"Mama," akasema, "sasa tutalala wapi?"

Nilimtafuta Susan ampelekee jibu. Hakuhitajika mtu wa kupeleka.

Nilikuwa bila viatu. Viatu vyangu, miwani yangu na Biblia vilikuwa nyuma ya ule mlango niliousubiri majuma saba, na Bi Rahema bado alikuwa ameufunga kwa ndani.

Nikaenda kubisha hodi.